Mto Uliofika Saa Saba

Walukuba nzima ilikuwa imeshajua kwamba Juliet anaolewa kabla baba yake hajaambiwa. Na wote walijua kwa kinywa kimoja, cha Night, shangazi yake.

Lakini tusimlaumu haraka. Nyumba ya Night, chumba na sebule katika zile nyumba za mstari walizojengewa wafanyakazi wa viwanda pale Jinja, haikuwahi kuwa na watu chini ya saba. Aliyekuja kuazima chumvi alikaa mpaka chai, na aliyekuja kwa chai alikaa mpaka sufuria lipakuliwe. Habari ikiingia humo asubuhi, jioni inatoka imenenepa. Juliet alipomwambia kwamba amepata mchumba huko Mbale, Msebei anayepeleka wageni kutembea upande wa mlimani, Night aliwaambia wenzake wa kile kikundi cha kupika misibani kwamba kijana ni mtu wa hifadhi. Kesho yake, wakichambua mchele, akamvika kofia ya kijani. Kufika Jumapili mchumba alikuwa na bunduki na buti za serikali, na hakuna Mzungu aliyeweza kukanyaga Mlima Elgon bila yeye kumtilia saini kibali.

"Hata wewe, kaka," alimwambia Semei, "ukitaka kupanda kule, lazima upite kwake."

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe.

Semei, kaka yake na baba yake Juliet, alikuwa askari magereza miaka ishirini na tisa, kumi na minne ya mwisho akikaa langoni na daftari. Hakuna mtu aliyeingia wala gunia la maharage lililotoka bila karatasi. Alistaafu akapanga nyumba Kimaka, lakini lango halikumtoka. Ukimletea barua ya shule, anauliza nani amesaini. Ukimwambia mvua imenyesha Bugembe, anauliza nani amesema. Kusikia kwamba mkwe mtarajiwa kazi yake ni kutia saini vibali, mzee alitabasamu mpaka Night akaona meno aliyokuwa ameshayasahau.

"Huyo ni mtu," alisema Semei. "Nitakwenda nikamwone akiwa kazini. Halafu ndiyo umlete."

Umlete, maana kwao Wasoga mchumba haji kwa miguu yake. Shangazi ndiye anayemwingiza, anasimama naye mbele ya ukoo na kusema, huyu namjua. Baba akikataa kumpokea, msichana hana ndoa ya nyumbani. Aende akaishi na mtu wake kimyakimya kama waliotoroka. Juliet alikuwa amesema wazi kwamba hatatoroka. Ama baba yake ampokee Geresom, ama amwache Geresom, ingawa kwa jinsi alivyolitamka hilo jina mtu angejua kuacha kungemfanya nini.

Na Night, kusema kweli, alikuwa amemwona huyo Geresom mara mbili tu.

Ilikuwa Machi mwaka wa tisini na sita. Ndugu hao wawili walifika Namakwekwe, mtaa wa Mbale, Ijumaa jioni, wakalala kwenye chumba cha kupanga cha Juliet, ambaye alishona sare za wanafunzi barazani. Asubuhi, Semei akinyoa ndevu uani mbele ya kioo cha baiskeli, Night alimvuta binti pembeni ya cherehani.

"Mwambie avae kofia yake leo."

"Kofia gani, shangazi?"

"Ya kijani. Ya kazi."

"Ana kofia ya majani ya mkindu. Imetoboka."

"Na bunduki?"

Juliet aliweka chini sindano. "Shangazi, wewe ulimwambia nini baba?"

Night akamwambia. Alianza kwa kunong'ona na kwa kadiri alivyoendelea sauti ikazidi kupungua, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea.

"Geresom hana kibali cha mtu yeyote," alisema Juliet. "Tangu mlima ufanywe hifadhi, kule juu huendi bila karatasi na bila watu wao. Yeye anapeleka watu chini, upande wa kaskazini, kwenye makorongo makavu. Huko nje ya mpaka, hakuna anayekuuliza kitu. Wageni wanampenda kwa sababu hiyo. Wananiletea mikoba yao imechanwa na mawe, nashona. Ndivyo tulivyojuana."

"Basi mwambie baba yako."

"Aliyemvika kofia ndiye amvue."

Lakini Semei aliingia akijifuta shingo, kofia kichwani, viatu vyake vya gwaride vinameta, na mdomo wa Night, ule uliokuwa ukifanya kazi hata akiwa usingizini, ukakataa kufunguka.

Geresom alikuja na pikapu ya mtu aliyekuwa anafuata mahindi mbele ya kijiji cha Muyembe. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye haya kiasi kwamba alimwamkia Semei akiangalia magurudumu. Semei akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kile cha askari, ambacho Waganda wengi wakikisikia bado wananyoosha mgongo. Geresom hakunyoosha chochote. Yeye Kiswahili alikikulia, ng'ambo huko Kitale kwa mjomba wake, akakiongea taratibu kama mtu anayemwaga maziwa.

Wakapanda nyuma. Mlima ulikuwa kulia kwao, umejifunika mawingu mabegani. Walifika mahali barabara inapogawanyika, mkono mmoja unapanda kuelekea kwenye hifadhi. Pikapu ikashika mkono mwingine bila kupunguza mwendo.

"Kijana," alisema Semei. "Geti iko nyuma."

"Ndiyo, afande."

"Sasa?"

"Tunakokwenda hakuna geti."

Semei aligeuka polepole akamtazama dada yake. Dada yake akautazama mlima.

"Kibali nani anasaini?"

"Hakuna kibali, mzee. Hakihitajiki."

"Mtu akifia huko ndani?"

Geresom alifikiri kidogo. "Mimi ndiye ninayekwenda kuwaambia kwao."

Pikapu ikala maili tatu. Halafu Semei akainama karibu na sikio la Night, akaongea Kisoga ili kijana asisikie, ingawa Juliet alisikia vizuri sana.

"Kofia ya kijani, eh? Mimi nitateremka, nitaangalia, kwa sababu nimeshapanda gari. Mtu mwenye kazi isiyo na mwenyewe, kwangu mimi ni mzururaji. Tukirudi, utawaambia watu wako wa Walukuba kwamba hakuna ndoa."

Juliet alikuwa ameshika ukingo wa pikapu. 

Shamba la mwisho likaisha, na nchi ikabadilika ghafla kama mtu aliyevua shati. Migomba ilibaki juu mlimani. Huku chini ni miiba, vichuguu vyekundu na majani yaliyokauka mpaka yanalia ukiyakanyaga. Mbele ilikuwa tambarare ya kwenda Karamoja, inatetemeka kwa joto. Wakashuka kwenye boma la mwisho, la mama mmoja mfuga mbuzi, mwenye ukuta wa mawe unaofika kiunoni.

Geresom akaongea naye kwa lugha yao. Yule mama akatikisa kichwa, akaokota mawe manne, akayapanga juu ya ukuta.

"Hiyo nini?" aliuliza Semei.

"Nimemuuliza kama amesikia radi huko juu mlimani. Hajasikia. Nimemwambia tunaingia wanne. Tukitoka, kila mtu anaondoa lake. Akiona mawe bado yako pale jioni, anaita watu."

Semei aliyakagua yale mawe moja moja, mikono nyuma. "Hakuna tarehe," alisema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na Night, aliyemjua tangu akitambaa, akaona ameshindwa kupata kosa la maana.

Korongo lilianza kama si kitu. Mfereji tu wa mchanga, ambao mbuzi angeuruka. Wakaingia, wakafuata mchanga kuelekea mlimani, na kuta zikaanza kupanda pande zote mbili. Zikafika kiunoni, kifuani, zikapita kichwa. Baada ya kona tatu Night alipotazama juu aliona mbingu imekuwa utepe, wa buluu kali, mwembamba kama ule wa kufungia nywele za mtoto.

"Yesu wangu," alisema.

Ukuta ukalirudisha. Kisha wa pili ukalirudisha, kisha mahali fulani mbele likarudi tena, kwa sauti isiyokuwa yake kabisa, kama mwanamke mzee zaidi anayejaribu kulitamka neno hilo kwa mara ya kwanza.

Hapakuwa na jua humo ndani, ila juu kabisa, ambako ukingo wa mwamba uliwaka rangi ya ndizi iliyochomwa. Ukishuka ukawa wa kijivu, halafu wa zambarau, na chini, mahali pa kuweka mkono, ulikuwa umelainishwa ukawa kama ndani ya chungu. Night aliweka kiganja. Jiwe lilikuwa baridi. Nje watu walikuwa wanaungua, na hapa jiwe linaleta baridi ya kisimani. Lilikuwa limechimbwa mawimbi mawimbi, kila wimbi linaingia katika lingine, mpaka jicho likakosa pa kuanzia. Vijumba vya udongo vya mbayuwayu vilining'inia kwa mamia. Mizizi ya mti ambao hawakuuona ilikuwa imeteremka urefu wa nyumba ya ghorofa, ikitafuta maji, na ilikuwa imekaukia hewani kabla ya kufika.

Alitaka kumwambia mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake. Alitaka kuwa na akina mama wote wa kikundi hapa, na sufuria zao na watoto wao, na alijua hapohapo kwamba akirudi hataweza kuwaeleza. Atasema nini? Mawe? Walukuba kuna mawe.

Semei alitembea mbele yake, viatu vinalia kwenye changarawe, kichwa kinageuka kushoto na kulia kama anayekagua seli.  Night aliona anatazama nini. Kila kwenye kona Geresom aligeuka, macho yakapita juu yao, moja, mbili, tatu, kisha akaendelea. Hakukosa kona hata moja.

Mahali pamoja walipita chini ya gogo. Gogo zima, nene kuliko mtu, lilikuwa limekwama kati ya kuta mbili juu ya vichwa vyao, mara mbili ya urefu wa Semei.

"Nani aliliweka?" aliuliza Night.

"Maji, mama."

Akacheka. Mchanga chini ulikuwa mkavu kiasi cha kuingia kwenye viatu kama unga. Kisha akalitazama tena gogo, kicheko kikaishia njiani.

Walipokaribia mwisho, nuru ikaanza kuonekana mbele. Juliet alikuwa amewasimulia njiani: kuna ukumbi, kuta zinafunguka duara, na adhuhuri jua linashuka katikati kama nguzo. Wengi hukaa chini wakalia bila kujua kwa nini. Zilikuwa zimebaki hatua thelathini tu. Night aliuona mwanga wenyewe ukigusa pembe ya mwamba, wa dhahabu, ukimwita.

Geresom akasimama.

Alikaa hivyo, pua juu. Night naye akahisi: upepo mdogo umetoka ndani, umempitia usoni, na ulinuka majani mabichi yaliyopondwa na udongo uliolowa. Ulikuwa mtamu. Alifumba macho kuuvuta.

"Tupande," alisema Geresom. Alionyesha vishimo vilivyochongwa ukutani, vya kuingiza vidole vya miguu, na juu yake ubao wa mwamba wenye upana wa kitanda. "Sasa hivi. Juliet, tangulia."

Juliet akapandisha gauni akapanda bila kuuliza. Semei hakusogea.

"Ukumbi ni ule pale," alisema. "Mimi nakuja kuona kazi yako mpaka mwisho. Usinionyeshe nusu."

"Leo ni nusu, mzee."

"Juu kweupe. Hakuna wingu." Kweli utepe wa mbingu ulikuwa safi. Semei akapiga hatua.

Geresom akaweka mkono wake kifuani pa mzee.

 Kijana anayeposa hata kivuli cha baba mkwe hakikanyagi. Hapiti mbele yake, hamwangalii machoni. Huyu amemzuia kwa kiganja kilichofunguka, juu ya vifungo vya shati, kama mtu anavyozuia ng'ombe mlangoni. Na alikuwa anamtazama machoni.

"Hupiti," alisema.

"Wewe unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Panda, mzee. Ukitaka nikose mke, nikose. Lakini panda."

Wakasimama hivyo. Juu, Juliet alikuwa ameshika mdomo. Night alijua kaka yake hataondoka pale kwa amri ya mtoto, hata nguzo ya jua ingemwangukia. Akamshika mkono wa shati.

"Kaka. Mambo ya kofia niliyatunga mimi, na saini, na bunduki, vyote vyangu. Sikumjua. Lakini tangu tuingie humu anatuhesabu kila kona, na wewe umeona, usiniambie hukuona. Mtu huyu sasa namjua. Panda, nakuomba."

Haikuwa siku ya ukoo, hapakuwa na mikeka wala wazee wa kushuhudia. Semei alimtazama dada yake. Kisha akauondoa mkono wa Geresom kifuani, kwa vidole viwili, akaingiza kiatu cha gwaride kwenye kishimo cha kwanza.

Wakakaa juu ya ubao wote wanne, miguu inaning'inia. Semei akatazama saa yake.

"Saa sita na dakika arobaini," alitangaza.

Hakukutokea kitu. Mbayuwayu waliingia na kutoka. Mjusi wa buluu alikuja kuwaangalia. Saa sita na hamsini. Chini, mchanga ulilala mweupe, umeshika nyayo zao vizuri, hata nembo ya soli za Semei. Mwanga ule wa dhahabu ulianza kuondoka kwenye pembe ya mwamba. Juliet hakuthubutu kumwangalia mtu. Saa saba kasoro mbili, Semei akavuta pumzi ya mtu anayeanza hotuba.

Ndipo mto ulipokuja.

Haukuja kwa kishindo. Kwanza ilikuwa sauti ya mtu anayefagia uwanja mkubwa, mbali. Halafu kwenye kona kikatokea kitu cha kahawia, chembamba, kinatambaa. Kilikuwa kimebeba mbele yake majani makavu, vijiti na mavi ya mbuzi, kinavisukuma, kinakwenda mwendo wa mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Mchanga uliunywa. Ungedhani umeumaliza. Lakini nyuma ya ulimi huo kulikuwa na mwingine, nao ukapanda juu ya wa kwanza, ukajaza nyayo zao moja moja, kwanza za Juliet, kisha za Night, kisha nembo za Semei, ukapita.

"Kina kichwa," alisema Night. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Mto una kichwa."

Maisha yake yote alikuwa ameishi kando ya Naili. Alifua humo, aliteka maji humo, aliwapeleka wageni wakauone. Lakini mto wa kwao haukuwahi kufika. Ulikuwepo tu, watu waliukuta. Huu aliuona ukizaliwa mbele ya macho yake, unaingia mahali palipokuwa hapana kitu.

Na hapo ndipo kilipofuata kiwiliwili. Maji yalikuja yamesimama, marefu kama mlango, mekundu, yakiwa na mti mzima ndani yake unaojigeuza mizizi juu. Kuta zikanguruma. Mawe makubwa yalikuwa yanabingirishwa chini, hayaonekani, yanagongana kwa mlio mzito uliopita kwenye mwamba, ukaingia mapajani, ukapanda mpaka kwenye meno. Ule ukumbi wa dhahabu ulitapika povu. Mahali waliposimama wakibishana hapakuwapo tena. Na juu ya yote hayo, mbingu nyembamba, ya buluu, bila tone.

Semei alivua kofia. Hakuna aliyemwambia. Aliishika kifuani, mahali ulipokuwa mkono wa kijana, akabaki hivyo muda mrefu.

Maji yalipita saa nzima kabla mtu hajaweza kumsikia mwenzake. Yalipoanza kushuka, Semei alizungumza bila kugeuka.

"Ulikuwa na hakika?"

"Hapana, mzee. Upepo tu, wenye harufu ya mvua ya mlimani. Mara nyingi nawapandisha watu, hayaji."

"Mara ngapi?"

"Katika kumi, hayaji nane. Wanakasirika. Wengine wanasema nimewanyima ukumbi makusudi, hawarudi tena."

"Na ya kumi na moja ukisikia upepo?"

"Nitawapandisha."

Semei akatafuna hilo.  Mzee alijifuta matone usoni, akaivaa kofia tena, akainyoosha.

"Watu wenu wanajua njia ya Jinja?"

"Wanajua zaidi ile ya Kitale. Wataulizia."

"Waje Agosti, shule zikifungwa. Wafike asubuhi. Mimi wageni wa kuchelewa sipendi." Akageukia dada yake. "Na wewe, wewe na bunduki zako, tutaongea."

Juliet aliangusha kichwa kwenye bega la shangazi yake, na Night akahisi bega linalowa. Geresom alikuwa anaangalia magoti yake, haya imemrudia yote kwa pamoja, kana kwamba si yeye aliyemzuia mtu mzima kwa kiganja.

Maji yalifika kwenye vifundo, halafu yakawa mikondo midogo inayometameta kati ya mawe mapya. Geresom akashuka kwanza kujaribu mchanga, kisha akampokea Juliet, kisha Semei, ambaye safari hii alikubali kushikwa mkono.

"Night," aliita Semei kutoka chini. "Shuka. Una Walukuba nzima ya kuwaambia."

Night alikuwa bado amekaa, macho kwenye kona kule maji yalikotokea.

"Ngoja kwanza, kaka," alisema. "Bado unapita."